Nyumba Iliyoanza na Paa

Kwetu Smrčevac nyumba zote zenye umbo la A zimechorwa na Vidak Tomčić, na hadi mwaka ule hakukuwa na hata moja iliyokaliwa na mtu. Wenyewe huja Agosti, kutoka Podgorica, kutoka Novi Sad, mmoja kutoka Viena. Hukaa barazani wamejifunika blanketi, huupiga picha mlima, kisha hufunga milango na kwenda zao. Majira yote ya baridi nyumba hizo hubaki peke yake kati ya misonobari, kama mahema ya jeshi lililosahau kurudi. Vidak mwenyewe aliishi mjini Plužine, katika fleti ya ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa bapa linalovuja.

Hakuwa na cheo cha msanifu majengo. Alisomea uchoraji wa ramani za nyumba kule Nikšić, na binamu yake mhandisi ndiye aliyezitia saini. Lakini alizipenda pembetatu zake kwa mapenzi ambayo watu wengine huyaweka kwenye dini au kwenye mpira. Ukimkuta mkahawani ameanza kueleza kwa nini paa lishuke kwa nyuzi sitini na si hamsini na tano, ujue kahawa yako itapoa. Theluji, atakwambia, ni mgeni asiyejua kuaga. Ukimpa kiti atakaa hadi Aprili, na kiti atakivunja. Paa lenye mteremko mkali halimpi kiti. Baada ya hapo huja habari ya kioo. Upande wa mashariki wa nyumba uwe kioo kitupu, kutoka sakafuni mpaka kileleni, kwa sababu kitongoji chetu kiko mgongoni mwa Durmitor na kila asubuhi jua hulazimika kuupanda mlima kwanza ndipo litufikie. Mwenye nyumba anapaswa kuliona likihangaika. Kuna mteja aliyewahi kumwomba nusu ya kioo kile iwe ukuta wa mbao, apate mahali pa kusimamisha kabati. Vidak alimjibu kwamba hajawahi kuchora herufi yenye chongo. Mteja akaondoka na kabati lake.

Mama yake, Jelisava, mjane wa miaka mingi, alikuwa amebaki peke yake katika nyumba ya mawe ya ukoo huko juu, yeye na ng'ombe. Majira ya baridi yaliyoutangulia mwaka ule theluji iliifunga njia ya kwenda kwake. Vidak akapanda kwa miguu kumtazama, akakuta mama mzima na kuni zimekwisha, akakaa. Alikaa mpaka njia ilipofunguka. Mkewe Rosanda, anayeuza dawa Plužine, alibaki mjini na mabinti wao wawili, Neda na Anđa, na familia ikawa inaonana kwenye simu, siku ambazo mtandao ulikuwa na moyo wa huruma. Masika Rosanda alisema hayarudii tena yale. Mama ahamie mjini, au watafute njia nyingine. Mjini Jelisava alikataa kwa hoja moja: ghorofani mtu hakanyagi ardhi, anakanyaga kichwa cha jirani.

Njia nyingine ilikuwa kile kipande cha msitu wa ukoo kilicho kando ya barabara kuu, mwendo mfupi chini ya nyumba ya zamani. Barabara ile katapila la theluji huifungua kila asubuhi. Hapo Vidak angejenga nyumba ya watu wote watano, na banda la ng'ombe pembeni. Rosanda angefika kazini, wasichana wangefika shule, mama angekuwa na moto. Sharti lilikuwa moja tu, naye Jelisava ndiye aliyelishika: akubali kuhama. Asipokubali, Vidak angerudi kule juu na koleo lake, na nyumba mpya ingekuwa ya mke na watoto wasio na baba mpaka Aprili.

Akampelekea ramani Jumapili. Jelisava alimlisha kwanza, ugali wa viazi uliosongwa kwa malai ya maziwa, maana hakuna mtu anayeonyeshwa karatasi kwa tumbo tupu katika nyumba ile. Kisha akavaa miwani.

"Hili nini?"

"Nyumba, mama."

"Hili ni paa." Akaigeuza karatasi, labda nyumba imejificha nyuma. "Nyumba yenyewe mmeipeleka wapi?"

"Paa ndiyo nyumba. Linashuka mpaka chini."

"Marehemu baba yako alijenga paa la namna hii. Tuliweka nyasi kavu ndani."

Vidak hakuudhika. Alimwonyesha chumba chake, chini, karibu na jiko la kuni, hakuna ngazi hata moja. Alimwonyesha dirisha linalotazama bandani. Jelisava akauliza jiko litakuwa na oveni ya upande gani. Akauliza ng'ombe atapita wapi akienda kunywa maji. Mtu asiyeitaka nyumba haulizi ng'ombe atapita wapi, na Vidak akaanza kupumua.

"Na Mtakatifu Luka?"

Vidak akaacha kupumua.

Kila ukoo kwetu una mtakatifu wake, na picha yake hukaa ukuta wa mashariki. Siku yake ikifika, mshumaa huwashwa mbele yake, mkate hukatwa, na wenyeji na wageni husimama wote wakielekea kwake. Watu wakihama, yeye hutangulia, nao hufuata na masufuria. Vidak aliyajua haya kama anavyolijua jina lake. Lakini miaka yote alikuwa amewachorea watu wanaokuja na suti za kuteleza kwenye theluji, na mkono wake, ulipofika upande wa mashariki, ulikuwa umechora kioo bila kumuuliza.

"Tutamtundika hapa," akasema, akigusa mteremko.

Jelisava akachukua sinia la kahawa, akamwambia aketi wima, akaliinamisha juu ya uso wake kwa mteremko uleule wa karatasini.

"Unaona nini?"

"Sinia, mama."

"Ndivyo atakavyoniinamia. Kama daktari wa meno. Nisali nimeachama?"

"Basi ukuta wa magharibi. Ule umesimama wima."

"Magharibi umeweka nini?"

Vidak akaitazama ramani kana kwamba imechorwa na adui yake. "Mlango."

"Na?"

"Na choo."

Jelisava akavua miwani, akaikunja, akairudisha kwenye mfuko wa aproni. "Jengeni, mwanangu. Jengeni vizuri, watoto wakae. Mimi na Luka tupo hapa. Hapa kuta zimesimama."

Rosanda aliposimuliwa hayo alicheka mpaka akakaa, kisha akaacha kucheka.

"Umezoea kuwachorea watu wa wiki mbili," akasema. "Hawana mtakatifu, hawana mama mkwe, hata kabati hawana, nguo wananing'iniza msumarini. Safari hii mchoree mtu anayeishi. Weka ukuta nusu ya kile kioo."

"Haiwezekani."

"Haiwezekani, au hutaki?"

Vidak akasema kuna suala la uwiano.

"Sawa," akasema Rosanda. "Majira ya baridi uwiano utakupikia kule juu."

Hapo ndipo Vidak alipoanza kuchora kama mwanafunzi aliyerudishwa darasa. Alijaribu kila kitu isipokuwa kile alichoambiwa. Aliigeuza nyumba nzima, kioo kikaangalia magharibi, yaani kikaangalia lundo la samadi la jirani yetu Krsto. Aliigeuza kwa robo, mashariki ikawa mteremko, na daktari wa meno akarudi. Alichora kijumba kinachochomoza juu ya paa, chenye dirisha na kuta zake ndogo, mtakatifu akae humo; lakini kijumba kile kingekuwa kiti cha theluji, na Vidak asingeweza kumpa mgeni yule kiti halafu aendelee kujiheshimu. Alichora nguzo katikati ya sebule, picha juu yake. Anđa, binti mdogo, alipoiona akauliza kama bibi atasali kwenye kituo cha basi.

Kiangazi kwetu ni kifupi, hakimsubiri mwenye mashaka. Msingi ukamwagwa. Vidak alijipa moyo: mifupa ya nyumba ni ileile, iwe mashariki ni kioo au mbao, upande ule utazibwa mwisho. Ana kiangazi chote cha kumbembeleza mama. Akamwita fundi Šefkija kutoka Bijelo Polje, seremala mwenye shingo nene na sauti ya kuita mbuzi kutoka mlima wa pili, na watu wake wanne.

Hilo la kiangazi chote ndilo lililokuwa kosa lake, na ni kosa ambalo mtu wa kwetu tu angeweza kulifanya.

Kwetu mgongo wa paa ukishakaa, fundi mkuu hupanda juu yake na kuketi. Hapigi msumari mwingine mpaka mwanamke mkubwa wa nyumba ile atoe shati, lifungwe pale juu. La kwake likishapepea, ndipo majirani nao hutoa mashati, mataulo, soksi, na fundi hulitangaza kila moja kwa sauti pamoja na dua. Vyote ni vya mafundi. Mwanamke akitoa, ameipokea nyumba. Asipotoa sijui huitwaje, maana halijawahi kutokea. Katika nyumba ya kawaida mambo haya huja mwishoni. Kwanza kuta, na kuta za mawe hula kiangazi kizima. Watu hununiana, hupatana, hununiana tena, na siku ya paa wote wamechoka kugombana. Nyumba ya Vidak haikuwa na kuta. Ilianza na paa. Na zile nyingine zote alizochora, wenyewe walikuwa mbali, Novi Sad au Viena. Hakuna mama aliyetakiwa kushuka mlimani na shati.

Kwa hiyo Julai ile, mafundi walikuwa wameziunga zile A chini, nyasini, wakazivuta kwa kamba na kapi, moja baada ya nyingine, zikasimama kama mbavu. Saa sita mchana boriti ya mgongo ilikuwa imelala kileleni. Šefkija akapanda, akaketi, akaning'iniza miguu, akatoa tumbaku.

"Vidak!" akaita. "Nasikia baridi huku juu, sina shati!"

Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Endelea kidogo, fundi. Hayo tutayafanya baadaye."

"Baadaye lini? Kaka, mimi nimejenga misikiti, nimejenga makanisa, nimemjengea mbuni banda kule Kolašin. Kote nimepewa shati. Hata kwa mbuni."

"Nyumba haijaisha!"

"Paa liko juu au haliko juu?"

"Liko juu."

"Si wewe uliyetuambia asubuhi kwamba paa ndiyo nyumba? Basi imeisha. Yaliyobaki ni mapambo."

Mgongo wa paa huonekana kutoka mbali, na kwetu watu huutazamia. Tulikuja na mifuko yetu. Tulimkuta Vidak amesimama chini ya mifupa ile na penseli sikioni, kondoo anageuka juu ya makaa, mafundi wamelala kivulini kwa dhamiri safi. Tukasimama. Hakuna anayeweza kutoa kabla ya mwenye nyumba. Mashati yakakaa mifukoni.

"Toa wewe, Rosanda," Krsto akasema kwa upole, jicho moja likiwa kwa kondoo. "Si ni nyumba yako pia?"

"Mama mkwe yu hai," akajibu Rosanda. "Sitamzika kwa shati."

Akajifunga kitambaa kichwani aende juu kumwita. Kabla hajafika njiani, Šefkija akainuka kidogo pale kileleni, akakinga jua kwa kiganja.

"Anakuja!" akatangaza. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia: "Ana reki begani. Mkononi hana kitu."

Jelisava alikuwa shambani akikusanya nyasi, naye aliuona mgongo ukipanda kama sote tulivyouona. Alifika, akaiegemeza reki kwenye msonobari, akamsalimu kila mtu kwa jina na kumuuliza hali ya mifugo. Hakuharakisha. Kisha akapita katikati ya miguu ya A ya kwanza, akasimama mahali ambapo sebule ingekuwa, akatazama mashariki. Pale pembetatu ilikuwa wazi, na mlima mzima umejaa ndani yake.

"Nyasi zinasemaje, bi mkubwa?" Šefkija akauliza kutoka juu.

"Zimekauka. Shuka, utaanguka."

"Siwezi kushuka. Mila imenifunga."

"Mila yangu au yako?"

"Ya wote wanaovaa shati, bi mkubwa."

Mtu mmoja akacheka. Jelisava hakucheka. Akamgeukia mwanawe.

"Luka yuko wapi?"

Sisi tulitazama viatu vyetu. Vidak alikuwa na jibu. Alikuwa akilitunga tangu ile Jumapili ya ramani, na lilikuwa na neno uwiano mara mbili. Akamtazama Rosanda. Rosanda alikuwa akimtazama kondoo. Akautazama mlima, ambao haukumsaidia. Halafu akaitoa penseli sikioni, akaitia mfukoni, akaenda kwenye rundo la mbao, akarudi na ubao begani na nyundo mkononi.

Alikuwa mchoraji, si seremala. Aliusimamisha ubao upande wa kulia wa ile pembetatu ya mashariki, akaupigilia, ukakaa kama mlevi aliyeegemea mlango.

"Kushoto!" Šefkija akapiga kelele. "Kushoto kwako, si kwangu! Chukua timazi, kaka, usiuchore!"

Akaung'oa, akashusha kamba ya timazi, akaupigilia upya. Akaleta wa pili, akauweka kando yake. Wa tatu. Mafundi waliinua vichwa kivulini wakatazama bila kuinuka, kwa sababu mila ni mila. Alipomaliza alikuwa na kipande cha ukuta chenye upana wa mlango, kimesimama wima katika nyumba ambamo kila kitu kingine kilikuwa kimelala ubavu.

"Kuanzia hapa," akasema, akihema, "mpaka kwenye mguu ule, mbao tupu. Wima."

"Na kioo chako?"

"Kitabaki nusu."

"Na mlima?"

"Nao nusu. Ni mkubwa, hautajali."

Jelisava akausogelea ule ukuta, akauwekea kiganja, akausukuma. Akaukuta unasukumika kidogo, akamtazama mwanawe, naye akaongeza msumari. Akausukuma tena. Kisha akasema, "Ngojeni," akachukua reki yake na kupanda njia aliyojia.

Tukangoja. Krsto alidhani amekwenda kumuuliza Luka mwenyewe. Mkewe alidhani amekwenda kulala. Kondoo alikuwa ameiva na hakuna aliyethubutu kumkata. Vidak alikaa kwenye rundo la mbao akitazama kazi yake, ukuta mbaya kuliko zote zilizowahi kupigiliwa Smrčevac, na Rosanda akaja akakaa karibu naye, akamtoa kibanzi kwenye kiganja kwa pini ya kitambaa chake.

Šefkija alimwona kwanza. "Anashuka," akasema. Akakodoa macho. "Wallahi, ana kitu."

Lilikuwa shati jeupe, jipya, bado limo ndani ya nailoni, na pini zote kwenye kola. Kola yenyewe ilikuwa ya ukubwa usio wa kawaida. Rosanda alilipokea ili alifungue, akaona kikaratasi cha duka la Nikšić, akasita. Mara ya mwisho Jelisava kwenda Nikšić ilikuwa Mei, kupima macho, wakati nyumba hii ilikuwa bado penseli na kelele za mezani.

"Mama," akauliza taratibu, "hili ulilinunua lini?"

"Lilikuwepo."

"Na kola hii? Ulijuaje?"

"Šefkija si alimjengea Krsto banda? Shingo kama ile mtu haisahau." Akazitoa pini mwenyewe, moja moja, akazichomeka kifuani pake ili zisipotee. "Mpeni. Baridi itamuua."

Shati likapandishwa kwa kamba. Šefkija akalifunga kwenye mgongo wa paa, akasimama wima juu ya boriti, jambo ambalo mkewe angelipinga, akajaza kifua.

"Mama Jelisava Tomčić ametoa shati! Mungu ampe nyumba kavu, ng'ombe mnono, na mkwe asiyejibu! Kola yake yatosha ndama!"

"Kwa mkwe, Mungu amechelewa," Rosanda akasema. Jelisava akacheka, na hapo mifuko yote ikafunguliwa kwa pamoja.

Kioo kilikatwa nusu. Vidak hakuizungumzia sana habari hiyo, ila kiangazi kilichofuata mteja mmoja kutoka Budva, akiipita nyumba barabarani, alisimamisha gari na kuuliza ule ukuta wa nusu ni mtindo gani. Vidak alimweleza kila kitu, mtakatifu, mshumaa, mashariki. Mteja alivutiwa sana na kutaka uleule. Sasa televisheni yake imetundikwa pale.

Jelisava alihama kabla ya siku ya Mtakatifu Luka, mwishoni mwa Oktoba. Alishuka njia yote ameikumbatia picha ile, imevikwa koti la Vidak, hakukubali kusaidiwa. Nyuma yake wajukuu na masufuria, nyuma ya masufuria ng'ombe. Alimtundika Luka kwa mikono yake, akarudi nyuma hatua kadhaa, akamsogelea akaisogeza fremu kwa kidole, akarudi nyuma tena. Upande wa kushoto wa picha mlima ulikuwa tayari mweupe.

Siku yenyewe tulikuja sote, tumebeba tulichobeba. Nyumba ilinuka mbao mbichi na mkate. Mshumaa uliwashwa, Neda akashika mkate pamoja na baba yake, nasi tukajipanga kuelekea mashariki kwa heshima. Krsto, ambaye hupenda kusimama pembeni karibu na vinywaji, alirudi nyuma mahali ambapo katika nyumba nyingine yoyote pangekuwa na nafasi ya mtu, na kisogo chake kikagonga mteremko kwa mlio uliozima dua.

"Nyumba gani hii, Jelisava," akalalamika, akijishika kichwa, "inayompiga mgeni?"

Jelisava hakugeuka. Alikuwa akiusawazisha utambi wa mshumaa kwa ncha za vidole.

"Inama, Krsto," akasema. "Kwangu watu huinama."